Hamira, mwani na hesabu ya tangi: jinsi modeli inavyokadiria nishati kabla mtambo haujajengwa

Visiwa vya Unguja na Pemba havichimbi mafuta, na sehemu kubwa ya umeme wake husafiri kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanzania Bara. Njia hiyo ilipoharibika, Unguja ilikaa bila umeme kwa takriban mwezi mmoja katikati ya mwaka 2008, kisha kwa muda wa miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Petroli, dizeli na gesi ya kupikia huteremshwa bandarini, na makaa mengi nayo huvushwa kutoka Bara. Ndiyo maana kila baada ya muda huzuka mazungumzo ya kutengeneza nishati kutokana na vile tulivyonavyo: molasi ya kiwanda cha sukari cha Mahonda, mwani wa Paje na wa Pemba, samadi ya ng'ombe, mabaki ya matunda ya sokoni. Mazungumzo hayo kwa kawaida hufuatwa na hesabu ya haraka ya kuzidisha tani kwa lita, na hesabu hiyo hupotosha kwa sababu imewasahau wafanyakazi. Nishati ya namna hii hutengenezwa na viumbe hai wasioonekana kwa macho, ambao hula, huzaana, hulemewa na joto na hudhoofishwa na taka zao wenyewe. Kazi yao huchukua muda, na muda huo hauendi kwa mwendo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Hesabu inayowazingatia viumbe hao huitwa modeli ya ukuaji. Makala haya yanaieleza kwa kutumia vitu vinavyopatikana visiwani, hasa molasi na mwani, kwa sababu tofauti ya malighafi hizi mbili ndiyo inayoonyesha vizuri modeli inafaa kwa nini.

Dari lisilovukwa

Bioriakta ni tangi la kuchachulia lenye njia ya kuingizia chakula, njia ya kutolea gesi, chombo cha kukorogea na namna ya kulinda joto na uchachu. Ndani yake, kwa upande wa ethanoli, mfanyakazi ni hamira, jamii ileile inayoumua mkate. Kemia ya kazi yake inajulikana tangu enzi za Mfaransa Gay-Lussac: gramu 180 za glukosi hugeuka kuwa gramu 92 za ethanoli na gramu 88 za hewa ya ukaa. Kwa hiyo kilo moja ya sukari haiwezi kutoa zaidi ya gramu 511 za ethanoli. Dari hilo limewekwa na uzito wa atomu zenyewe, na hakuna hamira, hata iliyobadilishwa jeni, itakayolivuka. Katika hali halisi sehemu ya sukari huenda kwenye kujenga miili ya hamira na sehemu nyingine kwenye gliseroli, hivyo mtambo unaopata gramu 450 kwa kilo unafanya kazi nzuri.

Oksijeni ina nafasi ya kutatanisha hapa. Hamira iliyopewa hewa ya kutosha na sukari kidogo kidogo hukua sana na hutoa ethanoli kidogo, na ndivyo viwanda vya hamira ya mkate vinavyofanya: hupuliza hewa na kudondosha molasi polepole. Hamira iliyozamishwa kwenye sukari nyingi hutengeneza ethanoli hata kama hewa ipo. Mtambo wa nishati hutaka hali hiyo ya pili, ingawa hewa kidogo mwanzoni huipa hamira nguvu ya kujenga utando wa seli zake.

Jambo moja la pembeni, kwa kuwa visiwani swali hili haliepukiki: kikemia, ethanoli ya nishati ni kitu kilekile kilichomo katika vileo, ndiyo maana ile ya kuwashia jiko hutiwa kitu chenye sumu au kichungu mno ili isinyweke. Anayeona hilo halitoshi ana njia ya bayogesi, tutakayoifikia mwishoni.

Mlinganyo wa Monod

Msingi wa modeli nyingi za ukuaji uliwekwa na Jacques Monod, mwanabiolojia wa Ufaransa, katika tasnifu yake ya mwaka 1942 kuhusu ukuaji wa bakteria, wakati Paris ikiwa chini ya ukaliaji wa Wajerumani. Aligundua kuwa kasi ya ukuaji hufuata kiasi cha chakula kwa namna maalumu: chakula kikiwa kidogo, kukiongeza huongeza kasi, chakula kikishakuwa kingi, kukiongeza hakubadilishi kitu. Mwenye kuwahi kukaa na wachambuaji karafuu kule Pemba analijua hilo. Ukiwaletea viganja vichache, mikono husubiri karafuu, na kila pishi unayoongeza huharakisha kazi. Ukiwamwagia gunia zima, karafuu ndizo zinazosubiri mikono, na gunia la pili halimfanyi mtu yeyote atenganishe karafuu na makonyo kwa haraka zaidi.

Monod aliandika hivi: µ = µmax × S ÷ (K + S). Herufi µ ni kasi ya ukuaji kwa saa, µmax ni kasi ya juu kabisa ambayo kiumbe anaiweza, S ni gramu za sukari katika lita, na K ni kiasi cha sukari kinachompa kiumbe nusu ya kasi yake ya juu. Ikiwa µmax ni 0.3 kwa saa, hamira hujizidisha mara mbili katika saa 2 na dakika 20 hivi. Kwa hamira na glukosi K ni ndogo sana, sehemu tu ya gramu kwa lita. Kwa hiyo, kwa sehemu kubwa ya uchachuaji hamira haihisi kuwa sukari inapungua. Huendelea kukua kwa kasi ileile mpaka sukari inapokaribia kwisha kabisa.

Mlinganyo huu peke yake hausemi lolote kuhusu tangi. Unakuwa na kazi pale unapounganishwa na mizania tatu za kawaida, za hamira, za sukari na za ethanoli, ambapo kila moja inasema kwamba badiliko la kitu ndani ya tangi ni sawa na kilichoingia, kutoa kilichotoka, kujumlisha kilichozaliwa, kutoa kilicholiwa. Katika uchachuaji wa mkupuo mmoja, ambapo tangi hujazwa, hufungwa na kuachwa, hakuna kinachoingia wala kutoka isipokuwa gesi, na mizania huwa mepesi kiasi cha kufanyika kwa karatasi na kikokotoo.

Tufanye mfano. Chukua molasi iliyozimuliwa kwa maji hadi iwe na gramu 100 za sukari kwa lita, tia gramu 1 ya hamira kavu kwa lita, weka µmax ya 0.3, na chukulia kuwa kila gramu ya sukari inazaa gramu 0.1 ya hamira na gramu 0.45 ya ethanoli. Sukari yote ikiliwa hamira itakuwa gramu 11 na ethanoli gramu 45 kwa lita. Hesabu ya ukuaji wa kujizidisha inasema kazi hiyo itachukua saa 8. Lakini angalia namna saa hizo zinavyogawanyika: baada ya saa 5 ni theluthi moja tu ya sukari iliyokwisha kuliwa, na theluthi mbili zilizobaki huliwa katika saa 3 za mwisho. Fundi asiyejua hili hufungua tangi saa ya tano, hupima, huona ethanoli kidogo, na huamua kwamba hamira ni mbovu.

Taka inapomrudia mwenyewe

Saa 8 hizo ni za matumaini mno, kwa sababu mfano umeichukulia ethanoli kama kitu kisicho na athari. Ethanoli hulegeza utando wa seli ya hamira na kupunguza kasi ya ukuaji kadiri inavyojikusanya. Njia rahisi ya kuliingiza hilo katika modeli ni kuizidisha kasi ya Monod kwa kipengele (1 − P ÷ Pmax), ambapo P ni ethanoli iliyopo na Pmax ni kiasi kinachosimamisha ukuaji kabisa. Kwa hamira nyingi thamani ya gramu 90 hivi kwa lita inafaa kuanzia.

Tukirudia mfano uleule kwa kipengele hiki, saa 8 zinakuwa karibu saa 10, tofauti inayovumilika. Sasa tuongeze sukari hadi gramu 180 kwa lita, kama atakavyotaka yeyote anayechukia kusafirisha maji. Bila kizuizi cha ethanoli hesabu ingetoa saa 9 na dakika 50 hivi. Kwa kizuizi hicho inatoa karibu saa 17. Ukifikisha gramu 200, ethanoli ya mwisho ingepaswa kuwa gramu 90, yaani Pmax yenyewe, na modeli inasema kazi haitamalizika kamwe. Kwa hiyo swali la sukari kiasi gani itiwe ni swali la mapatano: sukari kidogo hufupisha muda lakini huleta mchuzi hafifu wenye maji mengi ya kuchemsha wakati wa kukeneka, yaani kuitenga ethanoli kwa kuchemsha mchuzi na kuupooza mvuke wake, na sukari nyingi huleta mchuzi mzito lakini hulifunga tangi kwa siku nzima. Modeli haichagui, ila huonyesha kila upande unagharimu nini.

Mwaka 1959 Luedeking na Piret, waliokuwa wakichunguza asidi ya lakti, waliongeza jambo jingine muhimu: zao la viumbe hawa lina sehemu mbili, moja inayotokana na kukua na nyingine inayotokana na kuwapo tu. Kwa ethanoli hii ina maana kwamba hamira iliyoacha kukua bado hula sukari ili kujihifadhi na huendelea kutoa ethanoli, polepole. Kwa sababu hiyo mtambo halisi huweza kumaliza sukari ambayo hesabu yetu ya gramu 200 ilisema haitakwisha. Kosa la modeli hapa lina faida, kwani linaonyesha ni kipengele gani kilichokosekana.

Kupima kwa chupa na mizani

Vigezo vya mfano wangu ni vya kuanzia tu. Molasi ya kiwanda kimoja si ya kingine, na hamira ya dukani haifanani na hamira ya maabara. Kila anayetaka modeli ya kuaminika lazima apime vigezo vyake. Habari njema ni kwamba kwa ethanoli kipimo kikuu hakihitaji mashine ya bei mbaya. Kwa kuwa kila gramu 92 za ethanoli huambatana na gramu 88 za hewa ya ukaa inayotoka nje, chupa inayochachuka huwa nyepesi kadiri inavyofanya kazi, na mizani inatosha kuifuatilia.

Utaratibu ni huu. Chupa ya lita moja hutiwa nusu lita ya mchuzi wenye gramu 50 za sukari, hutiwa hamira, kisha hufungwa kwa kizibo chenye kimrija ambacho ncha yake ya nje imezama katika kikombe cha maji, ili gesi itoke na hewa isiingie. Kila inapopimwa, mrija huchomolewa kwenye maji, hufutwa, na chupa huwekwa juu ya mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Mwisho wa kazi, chupa iliyochachuka vizuri itakuwa imepoteza gramu 21 na nusu hivi, na ukizidisha upotevu huo kwa 1.045 unapata gramu 22 na nusu za ethanoli, sawa na gramu 45 kwa lita. Mvuke wa maji unaotoka na gesi huleta kosa dogo, ambalo chupa ya pili isiyo na hamira haiwezi kulionyesha kwa kuwa haitoi mapovu. Mtu makini hulikadiria na kuendelea.

Ukichora upotevu wa uzito dhidi ya saa, mchoro utapanda taratibu, utapinda juu, kisha utalala. Sehemu ya kupanda hutoa µmax, kimo cha mwisho hutoa uwiano wa zao, na namna mchoro unavyolegea kabla ya kulala hutoa dokezo la Pmax. Kigezo K ndicho kinachojificha, na hapa hata wasomi huteleza. Katika mfano wetu wa gramu 100, mwishoni hamira ni gramu 11 kwa lita na hula sukari kwa kasi ya gramu 33 kwa saa, kwa hiyo gramu 2 za mwisho, ambazo ndizo pekee zenye habari za K, hutoweka katika muda usiofika dakika 5. Anayepima kila saa hajaiona K hata kidogo. Programu ya kompyuta itamwandikia thamani yake, tena yenye tarakimu nne baada ya nukta, lakini tarakimu hizo hazitoki kwenye chupa. Ni heri kuiazima K kutoka kwenye majaribio ya mtiririko usiokatika, tutakaouona mbele, kuliko kujidanganya.

Mwani: sukari mbili, hamira moja

Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Unguja mwaka 1989 katika vijiji vya pwani ya mashariki kama Paje na Jambiani, kikaenea Pemba, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Mwani unaolimwa zaidi ni ule wa spinosum, kwa kuwa cottonii, wenye bei nzuri zaidi, hushindwa na joto la maji ya kina kifupi. Unapotajwa kuwa malighafi ya ethanoli sifa zake husikika tamu: hauhitaji shamba, hauhitaji maji baridi, haugombanii ardhi na muhogo. Sifa hizo ni za kweli, ila modeli inauliza maswali mengine.

Swali la kwanza ni la aina ya sukari. Molasi ina sukari zinazoliwa na hamira moja kwa moja. Mwani una selulosi kidogo, ambayo ikivunjwa hutoa glukosi, na karajinani nyingi, ambayo ni mnyororo wa galaktosi inayopishana na aina ya galaktosi iliyopoteza maji. Hamira ya kawaida huila galaktosi, lakini hiyo iliyopoteza maji haiigusi. Basi nusu ya viungo vya mnyororo huo hutoka katika hesabu kabla tangi halijawashwa, na kuvivunja kwa tindikali na moto mkali huvigeuza kuwa kemikali inayoitwa HMF, ambayo huidumaza hamira.

Hata galaktosi inayolika haiingii kwa mlango mmoja na glukosi. Monod huyohuyo ndiye aliyeonyesha kwamba bakteria waliopewa sukari mbili hula kwanza ile wanayoipenda, husita, kisha huanza ya pili, na mchoro wa ukuaji huwa na ngazi mbili. Uchunguzi uliofuata wa sababu ya kusita huko, yaani namna seli inavyozima na kuwasha jeni zake, ndio uliompa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1965 pamoja na François Jacob na André Lwoff. Hamira hufanya vivyo hivyo: maadamu glukosi ipo, jeni za kushughulikia galaktosi huwa zimezimwa, na glukosi ikiisha seli huhitaji muda wa kutengeneza vimeng'enya vipya. Modeli ya mwani kwa hiyo inahitaji milinganyo miwili ya Monod, ambapo ule wa galaktosi huzidishwa kwa kipengele kinachoushusha kadiri glukosi inavyokuwa nyingi. Katika mchoro wa chupa ya mizani kipindi hiki huonekana dhahiri kama uwanda katikati ya mlima, na asiyekijua hudhani kazi imekwisha. Dawa mojawapo ni kuikuza hamira kwanza kwenye galaktosi tupu, ili iingie tangini ikiwa imekwisha zoea.

Swali la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalokata mzizi wa fitina, ni la uzito wa mchuzi. Tuseme kilo moja ya mwani mkavu inatoa gramu 300 za sukari inayolika, na tumetia gramu 100 za mwani katika kila lita. Tutapata gramu 30 za sukari, na ethanoli ya gramu 13.5 kwa lita, yaani asilimia 1.35 kwa uzito. Wakenekaji wa viwandani huona kwamba chini ya asilimia 4 nishati ya kuchemsha maji hula faida yote. Ili kufikia asilimia hiyo tungehitaji gramu 300 hivi za mwani mkavu kwa lita, na karajinani, ambayo kazi yake kuu sokoni ni kugandisha vyakula, ingelifanya tangi zima kuwa uji usiokorogeka. Hakuna µmax yoyote, hata ya hamira bora kuliko zote duniani, inayoweza kutatua hilo, kwa sababu kikwazo hakiko kwenye kasi.

Fedha nazo zinasema vivyo hivyo. Kwa makadirio hayo lita moja ya ethanoli inadai karibu kilo 6 za mwani mkavu. Mkulima akilipwa tuseme shilingi 700 kwa kilo, malighafi pekee inazidi shilingi 4,000, na lita hiyo ina kama theluthi mbili tu ya nguvu ya lita ya petroli. Molasi, ambayo karibu nusu ya uzito wake ni sukari, hutoa lita 250 hivi kwa tani bila kusagwa, bila tindikali na bila kuganda. Kupendekeza mwani mzima, uliolimwa kwa mgongo wa mtu, ugeuzwe mafuta ni kumshauri mkulima auze kwa hasara. Kinachobaki na maana ni mabaki: mwani uliooza ufukweni, au makapi yanayosalia baada ya karajinani kukamuliwa, ambayo yana selulosi na hayagandi.

Mtiririko na joto

Uchachuaji wa mkupuo una muda mwingi unaopotea katika kusafisha na kujaza upya, hivyo wahandisi hupenda mtiririko usiokatika, ambapo chakula huingia upande mmoja na mchuzi hutoka upande mwingine kwa kasi ileile. Nadharia yake ilitolewa mwaka 1950 na Monod kwa upande mmoja, na Aaron Novick na Leo Szilard wa Chicago kwa upande mwingine. Kanuni yake ni fupi: kasi ya kuzimua, yaani lita zinazoingia kwa saa zikigawanywa kwa ujazo wa mchuzi tangini, ikizidi µmax, hamira husombwa nje kwa haraka kuliko inavyozaliwa, na tangi hubaki na maji ya sukari. Hatari ni kwamba anguko hilo huja ghafla. Tukitumia µmax ya 0.3 na K ya 0.2, na tukiiacha ethanoli kando, kwa kasi ya kuzimua ya 0.2 sukari inayopotea ni gramu 0.4 tu kwa lita. Kwa kasi ya 0.29 inafika gramu 5.8, na hatua ndogo zaidi ya hapo tangi limekwisha. Viwanda vya Brazil huikwepa hatari kwa kuikamata hamira inayotoka na kuirudisha ndani.

Joto halionekani kwenye chupa, kwa sababu chupa hupoa yenyewe kupitia kuta zake. Tangi la mita za ujazo kumi lina ukuta mdogo sana kwa kulinganisha na ujazo wake, na uchachuaji wa gramu 100 za sukari kwa lita hutoa joto la kutosha kulipandisha kwa zaidi ya digrii 10 kama hakuna kinacholipooza. Hamira hupenda digrii 30 hadi 33. Mchuzi ulioanza Unguja mchana wa Februari ukiwa na digrii 30 utavuka 40, na hamira iliyokwisha lemewa na ethanoli haivumilii kiwango hicho. Kwa hiyo modeli ya mtambo wa visiwani ni lazima iwe na mizania ya nne, ya joto, yenye halijoto halisi ya maji ya kupoozea, ambayo huku hayawi ya baridi. Na anayeendesha pampu kwa umeme wa gridi aiingize pia saa ambayo umeme umekatika. Nimeona michoro ya miradi ambayo mizania hiyo haikuwamo kabisa.

Bayogesi na salfa

Kwa mabaki ya mwani njia inayobeba matumaini zaidi ni bayogesi, kwani haihitaji kukeneka na haijali kama mchuzi ni hafifu. Hesabu yake hufuata kanuni zilezile, ila wafanyakazi ni wengi na wanategemeana: kundi la kwanza huvunja mabaki, la pili huyageuza kuwa asidi, la mwisho hugeuza asidi kuwa methani. Kundi la mwisho ni la polepole mno. Kwa µmax ya 0.3, safari hii kwa siku na si kwa saa, mchuzi usipokaa tangini angalau siku 3 na theluthi vijidudu hivyo vitasombwa, na katika uendeshaji wa kawaida hukaa wiki kadhaa. Zaidi ya hayo, asidi ikizidi huwalemea haohao wanaoila. Mwaka 1968 John Andrews alionyesha namna ya kuliandika hilo: mchoro wa kasi hupanda, hufika kilele, kisha hushuka. Ndiyo sababu tangi lililolishwa kwa pupa hufa likiwa limejaa chakula. Modeli iitwayo ADM1, iliyotolewa mwaka 2002 na wataalamu wa International Water Association, imeunganisha hatua hizi zote.

ADM1 ya awali, hata hivyo, haikuhesabu salfa, na mwani wetu umejaa salfa. Karajinani ya spinosum hubeba salfeti mbili katika kila jozi ya sukari, mara mbili ya ile ya cottonii. Penye salfeti huzaliwa bakteria wanaoipumua, ambao hunyakua asidi na haidrojeni kabla watengeneza methani hawajazifikia, na badala ya gesi ya jikoni hutoa ile yenye harufu ya yai viza, inayokula vyuma vya jiko na yenye sumu kwa anayeivuta. Kwa modeli hii ina maana ya kuongeza mlinganyo mmoja wa Monod kwa bakteria hao, wakigombania S ileile na watengeneza methani. Mshindi huamuliwa na uwiano wa chakula kwa salfeti, na samadi ya ng'ombe, yenye salfeti chache, huusogeza uwiano huo upande wetu huku ikipunguza chumvi. Kiasi cha kuchanganya hakitabiriki kwa kukisia. Kinatafutwa kwa chupa kadhaa zenye viwango tofauti vya mwani na samadi, gesi ya kila moja ikipitishwa kwanza katika maji ya chokaa yanayonyonya hewa ya ukaa na gesi ya salfa, ili kinachopimwa mwishoni kiwe methani peke yake.